Wakuu msaada: ripoti ya fedha ya Kifaransa kwenda Kiingereza, maneno yanafanana ila maana zinapishana

LughaMbili
Wakuu habari za humu. Nina ripoti ya mwaka ya kampuni moja ya Ufaransa naigeuza kwenda Kiingereza. Kifaransa nakimudu, Kiingereza sina shida nacho, ila uhasibu sikusoma, mi nimetokea kwenye tafsiri za sheria. Sasa zile kurasa za maneno matupu zinaenda freshi, nikifika kwenye majedwali ndo naanza kuhema, maana kamusi inanipa maneno manne kwa neno moja na haisemi lipi uchukue lini. Mfano "résultat", "produits", "dotations", "capital social", "comptes sociaux", "amortissement". Halafu kwenye mizania kuna "total passif", nimeweka "total liabilities" kama kamusi inavyosema, ila nikijumlisha madeni yote yaliyoorodheshwa hayafiki hiyo namba hata kwa mbali. Na neno "conjoncture" limejaa ukurasa wa kwanza, kila nikiligeuza sentensi inakuwa kama ya roboti.

Maswali yangu: kuna namna ya kuyafikiria haya maneno au ni kukariri tu mpaka yakae? Na hii EBE yao ("excédent brut d'exploitation", ziada ghafi ya uendeshaji) naruhusiwa kuandika EBITDA (faida kabla ya riba, kodi na uchakavu) nikaendelea na safari? Mteja kasema wasomaji ni wawekezaji, hajasema wa wapi.

Mzee wa Leja
Karibu kijana. Hiyo hesabu yako ya madeni kutofika ndo mwanzo mzuri, kwa hiyo tuanzie hapo hapo.

Mizania ya Kifaransa ina pande mbili, actif na passif. Actif ni mali, hapo hakuna ugomvi. Passif ni upande mzima wa pili, yaani pesa zilizonunua hizo mali zimetoka wapi, na ndani yake kuna madeni PAMOJA na mtaji wa wenye kampuni, ule wanaouita "capitaux propres". Kwa hiyo "total passif" ni "total equity and liabilities", ukiandika "total liabilities" umemwambia mwekezaji kwamba kampuni yote ni deni, haina hata senti ya wenyewe. Ila usije ukaenda kubadilisha kila "passif" unayoiona, maana ikisimama peke yake ndani ya maelezo mara nyingi ni deni la kawaida tu. IAS 37, moja ya viwango vya kimataifa vya uhasibu, kwa Kifaransa inaitwa "Provisions, passifs éventuels et actifs éventuels" na kwa Kiingereza "Provisions, Contingent Liabilities and Contingent Assets", hapo passif ni liability moja kwa moja. Neno lile lile, kinachobadilika ni mahali lilipokaa. Na cheki hapo "éventuel" imekuwa "contingent", mtu akikurupuka anaandika "eventual" ambayo Kiingereza inamaanisha kitu kitakachotokea hatimaye, wakati Mfaransa anasema kinaweza kutokea na kinaweza kisitokee kabisa.

Kwa hiyo swali lako la kukariri, jibu ni hapana. Kabla hujafungua kamusi jiulize huu mstari uko kwenye mizania, kwenye taarifa ya mapato, au kwenye mtiririko wa fedha, na uko juu au chini ya mstari gani. Ukishajua mahali, neno la Kiingereza linajileta lenyewe.

"Produits" kwenye taarifa ya mapato ni kinachoingia, "charges" ni kinachotoka, basi, "income" na "expenses". Lakini "produits financiers" ukiikuta kwenye taarifa ya mapato ni "financial income", ukiikuta kwenye brosha ya benki ni bidhaa wanazouza, "financial products". "Résultat" ni faida au hasara, tena Mfaransa analipenda hili neno kwa sababu halisemi upande, linabeba yote mawili. "Résultat net" ni "net income" kwa Mmarekani, "net profit" au "profit for the year" kwa Mwingereza, na kama mwaka huo walipata hasara andika "net loss", usiandike "net profit" halafu namba hasi pembeni.

Hilo la "social" nalo watu wengi linawaangusha kwa sababu lina mizizi miwili. Mzizi wa kwanza ni société, kampuni: capital social ni "share capital", siège social ni ofisi iliyosajiliwa, raison sociale ni jina la kampuni, objet social ni shughuli ambazo kampuni imeandikishwa kufanya, na comptes sociaux ni hesabu za kampuni mama peke yake, "parent company financial statements", tofauti na comptes consolidés ambazo ni za kundi zima. Mzizi wa pili ni hifadhi ya jamii na mambo ya wafanyakazi: charges sociales ni michango ya mwajiri na mfanyakazi kwenye hifadhi ya jamii, plan social ni mpango wa kupunguza watu kazini, yaani "redundancy plan", na bado kuna watu wanaandika "social plan" utadhani kampuni inaandaa sherehe. Ukikuta comptes sociaux kwenye habari za bajeti ya serikali basi mzizi umehamia wa pili, hizo ni hesabu za mifuko ya hifadhi ya jamii.

"Amortissement" kwa majengo na mashine ni "depreciation", kwa leseni na programu ni "amortisation", kwa mkopo ni kurejesha deni kidogo kidogo. "Dépréciation" ya Kifaransa SIO "depreciation" ya Kiingereza, ni "impairment", thamani ya mali imeshuka ghafla zaidi ya uchakavu wa kawaida. Hapa ukikosea umebadilisha habari yenyewe, maana uchakavu ni jambo la kila mwaka na impairment ni kengele. "Dotations aux amortissements" ni "depreciation and amortisation expense", hiyo dotation usiiite "endowment" tafadhali. Kinyume chake ni "reprises", yaani "reversals".

EBE andika EBITDA, wawekezaji ndo wanachokijua.

pwaguzi_mtandaoni
Mbona mnajitesa, pakia kwenye mashine ya kutafsiri dakika mbili kazi imeisha 😂

Bi Tarakimu
@pwaguzi_mtandaoni mashine ikipewa sentensi nzima inajitahidi, hilo silipingi. Shida ni jedwali, kiboksi kina neno moja tu "Stocks" na mashine haioni nini kiko juu wala chini yake, ikikuletea "Stocks" vilevile Mmarekani anasoma hisa wakati Mfaransa anaongelea bidhaa zilizoko ghalani, yaani "inventories". Hisa kwa Kifaransa ni "actions". Na "obligations" ni hatifungani, "bonds", sio wajibu. Jedwali la mstari mmoja mmoja ndo linalohitaji mtu anayejua.

Ila mi nimekuja kwa ajili ya namba, maana mfasiri akikosea neno msomaji anaweza kuhisi kuna kitu, akikosea namba hakuna anayehisi. LughaMbili sikiliza. "Milliard" ya Kifaransa ni "billion" ya Kiingereza, sifuri 9, hata sisi tunasema bilioni. "Billion" ya Kifaransa ni sifuri 12, yaani "trillion" ya Kiingereza. Uingereza nao zamani walikuwa na billion ya sifuri 12 mpaka serikali yao ilipohamia ya Kimarekani mwaka 1974, kwa hiyo ukishika nyaraka za zamani za London angalia tarehe kwanza. Wafaransa wenyewe hiyo billion yao hawaitumii sana, wanapenda kusema maelfu ya milliards, ndo maana deni la umma la Ufaransa lilipovuka "3 000 milliards d'euros" mwaka 2023 Kiingereza kinachosomeka ni "3 trillion euros", ukiandika "3,000 billion" hujakosea hesabu ila umemfanya msomaji apige hesabu mwenyewe.

Alama nazo. Mfaransa anaweka koma kwenye desimali na nafasi kwenye maelfu, 1 234,5, Kiingereza ni 1,234.5. Watu wanafanya tafuta-na-badilisha kwenye faili zima, wanageuza koma kuwa nukta, af wanageuza nafasi kuwa koma, matokeo yake kila nafasi kati ya maneno inakuwa koma pia. Fanya ndani ya majedwali tu, tena ile nafasi yao mara nyingi ni nafasi maalum isiyokatika mstari kwa hiyo ukiitafuta kama nafasi ya kawaida huioni. M€ ni milioni, Md€ ni bilioni, k€ ni maelfu, Kiingereza utaona €m na €bn. Na mteja wa Marekani anaweza kuandika MM akimaanisha milioni, usije ukadhani ni milliards mbili zimekumbatiana.

Vipindi: "trimestre" ni robo mwaka, "quarter", "semestre" ni nusu mwaka, "half-year", kwa hiyo T3 inakuwa Q3 na S1 inakuwa H1. "Trimester" waachie wajawazito na "semester" waachie chuo. "Exercice clos le 31 décembre" ni "year ended 31 December".

Halafu nyakati za vitenzi, hii haimo kwenye kamusi yoyote. Ripoti ya Kifaransa inasimulia mwaka uliopita kwa wakati uliopo, "le chiffre d'affaires s'élève à", "le résultat ressort à", inasikika vizuri kwao. Kiingereza ukiacha "revenue amounts to" msomaji anadhani ndo hali ya leo, weka wakati uliopita, "revenue was", wala usitafute kitenzi cha kifahari kila mstari kwa sababu Mfaransa anachoka kurudia neno moja ila Mwingereza wa fedha hachoki.

LughaMbili
Aisee asanteni sana, Mzee wa Leja hilo la passif limenifungua macho na Bi Tarakimu nimeanza kupitia majedwali upya. Bado conjoncture haijaguswa, na kuna "taux de marge" nimeweka "profit margin" lakini asilimia yenyewe inaonekana kubwa mno kwa biashara ya aina ile.

Mchumi wa Barazani
Shkamoo Mzee wa Leja, mengi uliyosema nayaunga mkono ila kwenye EBE hapana mzee wangu.

EBE ni kitu chenye fomula kwenye uhasibu wa Ufaransa: unachukua thamani iliyoongezwa (alichozalisha ukitoa alichonunua nje), unaweka ruzuku za uendeshaji, unatoa kodi zile za uendeshaji na gharama za wafanyakazi, unasimama. Kuna mapato na gharama nyingine za uendeshaji, kama mirabaha na madeni ya wateja yaliyoshindikana kukusanywa, zinakuja chini ya EBE, haziingii. EBITDA haina fomula ya IFRS (viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha), kila kampuni inaeleza ya kwake. Kwa hiyo mara nyingi zinakaribiana lakini namba sio lazima iwe moja, na zipo ripoti za Kifaransa zinazotaja EBE na EBITDA zote mbili kwenye kurasa tofauti kwa namba tofauti. Sasa ukizipa jina moja umeunda kosa ambalo halikuwepo. Mi naandika "gross operating surplus" au naacha EBE na maelezo mafupi mara ya kwanza inapotokea. Na kwenye takwimu za taifa za Insee, taasisi ya takwimu ya Ufaransa, hapo hakuna mjadala kabisa, EBE ni "gross operating surplus".

Taux de marge sasa. Insee wakisema taux de marge ya makampuni wanagawanya EBE kwa thamani iliyoongezwa, sio kwa mauzo, kwa hiyo lazima asilimia iwe kubwa, "profit margin" inapotosha. Wengi wanaandika "margin rate" na kuongeza kwamba ni sehemu ya thamani iliyoongezwa. Ila kama ripoti yako ni ya biashara ya rejareja, kuna kisa kingine. Kwenye uchuuzi taux de marge ni faida ghafi ukigawanya kwa bei ya KUNUNULIA, na ile ya kugawanya kwa bei ya kuuzia bila kodi wanaiita "taux de marque". Ukinunua kwa 80 ukauza kwa 100, taux de marge ni asilimia 25, taux de marque ni 20. Kwa Kiingereza ya kwanza ni "mark-up" na ya pili ndo "gross margin". Yaani kile kinachofanana na margin ni markup, na kile kinachofanana na mark ndo margin, mtu aliyepanga hivi sijui alikuwa na kinyongo na nani. Angalia kampuni inafanya nini ndo uamue.

Conjoncture: acha kutafuta neno moja, halipo. Wazo lenyewe ni hali ya uchumi ilivyo kwa kipindi hiki, kinyume na "structurel" ambayo ni vile uchumi ulivyojengwa. Kwa hiyo ukikuta "conjoncture difficile" andika "difficult economic conditions", "chômage conjoncturel" ni "cyclical unemployment", "enquête de conjoncture" ni "business survey", "conjoncturiste" ni mchambuzi anayefuatilia na kukadiria uchumi wa miezi michache ijayo, "economic forecaster" inatosha. Na mara nyingi kwenye barua ya mwenyekiti unaweza kulifuta kabisa, "dans la conjoncture actuelle" ikawa "at present" na hakuna atakayelikumbuka.

Ukiwa hapo hapo chunga "évolution", ni "change" tu, "évolution du chiffre d'affaires : -3 %" ukiandika "evolution" inachekesha kidogo kwa kitu kinachorudi nyuma. "En glissement annuel" ni "year-on-year", unalinganisha mwezi huu na mwezi kama huu mwaka jana, wakati "en moyenne annuelle" ni wastani wa mwaka mzima na wastani wa mwaka uliopita, mfumuko wa bei wa nchi hiyo hiyo mwaka huo huo unakuwa na namba mbili tofauti na zote sahihi. "CVS" ni "seasonally adjusted". "À périmètre constant" ni "like-for-like", yaani bila kuhesabu kampuni zilizonunuliwa au kuuzwa katikati. Na "hausse de 2 points" ni "percentage points", usiandike "2%", ni vitu viwili.

Mzee wa Leja
Marahaba kijana. Fomula naijua na hujakosea, lakini mwekezaji wa New York ukimpa "gross operating surplus" kwenye ripoti ya kampuni atakuuliza hiyo ni takwimu ya nchi au ya kiwanda. Msimamo wangu uko pale pale, kama ripoti ina EBE peke yake na hesabu ni za kundi kwa IFRS, EBITDA inasomeka, zikiwemo zote mbili hapo nakubaliana na wewe zitenganishwe. Na kwa vyovyote LughaMbili muulize mteja, maana kama ipo ripoti ya Kiingereza ya miaka ya nyuma, neno walilotumia ndo unalotakiwa kufuata hata kama hulipendi.

Hili la IFRS sikulieleza vizuri juu. Tangu 2005 kampuni zilizoko kwenye masoko ya hisa ya Umoja wa Ulaya zinatakiwa hesabu zao za kundi zifuate IFRS, lakini hesabu za kampuni mama nchini Ufaransa zinaendelea na kanuni za Kifaransa. Kwa hiyo kwenye ripoti moja utakuta lugha mbili za uhasibu, na "immobilisations corporelles" ileile nusu ya kwanza ni "property, plant and equipment" na nusu ya pili watu wengi wanaandika "tangible fixed assets". Sio kutokuwa na msimamo, ni kanuni mbili.

kalamu_ya_pembeni
Naongezea vyanzo kidogo. Viwango vya IFRS vimechapishwa rasmi na Umoja wa Ulaya kwa lugha zao zote, EUR-Lex ina sehemu ya kuonyesha Kifaransa na Kiingereza sambamba ukurasa mmoja, hiyo ni dhahabu. IATE ndo benki ya istilahi ya Umoja wa Ulaya. Wakanada wana Termium Plus na Québec wana Grand dictionnaire terminologique, nzuri sana ila kumbuka Kifaransa cha Québec kina maneno yake, usiyabebe yote kwenda Paris. FranceTerme, hazina ya istilahi rasmi ya Ufaransa, inasaidia kinyume, ukikuta Kifaransa cha ajabu kama "affacturage" au "titrisation" inakuonyesha neno la Kiingereza lililokuwa linakimbiwa, "factoring" na "securitisation". Na kama nyaraka zako siku moja zitatoka nchi za OHADA (umoja wa sheria za biashara wa nchi za Afrika), ziko 17 na zina mfumo wao wa uhasibu SYSCOHADA, usidhani kila kitu ni kama Ufaransa.

Majina usiyatafsiri. SA, SAS, SARL, yaani aina za kampuni za Kifaransa, ziache zilivyo, ukiandika Ltd au Inc umeihamisha kampuni kwenye sheria za nchi nyingine. Banque de France inabaki Banque de France, Caisse des Dépôts vivyo hivyo. Ila "Bercy" kwenye magazeti igeuze, ni Wizara ya Fedha, msomaji wa nje hajui huo mtaa. Na chunga Kiingereza kinachoazimwa na Wafaransa wenyewe, ile kodi ya mapato ya uwekezaji iliyoanza 2018 kwa asilimia 30 wao wanaiita "flat tax", Mmarekani akisoma hivyo anafikiri Ufaransa imefuta viwango vyote vya kodi ya mapato, andika "flat-rate tax on investment income".

Kuhusu Uingereza na Marekani, "chiffre d'affaires" Mwingereza anaweza kupokea "turnover", Mmarekani anaweza kudhani unaongelea wafanyakazi wanaoacha kazi. "Revenue" inapita kote.

LughaMbili
Mmenisaidia kupita maelezo, mteja kajibu kwamba wasomaji ni wa London na ripoti ya nyuma ya Kiingereza kanitumia, wao wameandika EBITDA kote na EBE haipo, kwa hiyo kwa hii kazi Mzee kashinda 😀 Kimoja cha mwisho, kuna muuzaji wao mmoja "a déposé son bilan", nimeandika "filed its balance sheet", naona ni sawa au?

Mchumi wa Barazani
Hapana mkuu rekebisha haraka kabla hujatuma. Huyo kafilisika, kaenda mahakamani kusema hawezi tena kulipa, "filed for insolvency". Halafu rudi kwenye jedwali la provisions (fedha zilizotengwa kwa hasara zinazotarajiwa) uone kama huyo muuzaji alilipwa malipo ya awali, ikiwa yamo kuna maelezo yake mahali na lazima maneno yako yakubaliane.